Miezi 24 ya Dereva wa Lori

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina zaidi ya kilomita 900, na dereva huyu aliijua shimo kwa shimo. Alianza kama utingo, akapata leseni ya magari makubwa, na mwaka 2004 kampuni moja ya usafirishaji ikamkabidhi lori na tela lake. Kwenda alibeba mbolea, kurudi alibeba shaba ya Zambia. Mizani ya Mikese, mbuga ya Mikumi ambako wanyama hukatiza usiku, kona za Kitonga, halafu foleni ya mpakani, ambako madereva hulala chini ya tela wakisubiri karatasi zigongwe mhuri. Mshahara ulikuwa mdogo. Kilichosomesha watoto ni posho ya safari, iliyolipwa mkononi bila risiti.

Mkataba wa maandishi hakuuona hadi 2015, mwaka ambao madereva wa mabasi na malori walisimamisha magari nchini wakidai, pamoja na mambo mengine, mikataba ya ajira.

Machi 2023 akatimiza miaka 60, akastaafu. Alipokwenda NSSF kuulizia mafao, binti wa kaunta alimwamkia, akaingiza namba yake ya uanachama, kisha akamgeuzia skrini ajionee mwenyewe. Michango ilianza Aprili 2010. Jumla, miezi 156.

“Mzee wangu, pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180.”

“Mwanangu, mimi lori lao nimeliendesha tangu 2004.”

“Basi tuletee karatasi za hiyo 2004.”

Tofauti hapo si ndogo. Aliyetimiza miezi 180, kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, alipata asilimia 33 ya mafao yake kwa mkupuo, na kinachobaki kikawa pensheni ya kila mwezi maisha yake yote. Asiyetimiza hupewa mkupuo, basi. Dereva alipungukiwa miezi 24, na miezi hiyo alikuwa ameifanyia kazi.

Aliiandikia kampuni. Jibu lilikuja kwa barua fupi: kabla ya 2010 alikuwa kibarua wa safari, si mwajiriwa, hivyo hapakuwa na mchango wa kupeleka. Wengi hukata tamaa wakishasoma barua ya namna hiyo yenye mhuri, na ni haki yao kujua kwamba mhuri wa mwajiri si hukumu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaangalia kazi yenyewe ilivyofanyika: nani alimwelekeza mtu, nani alimpa vitendea kazi, je, alimtegemea mtu mmoja kwa riziki yake? Lori lilikuwa la kampuni. Mafuta ya kampuni. Siku ya kuondoka, njia ya kupita na mahali pa kushusha mzigo vilipangwa ofisini. Kibarua gani huyo?

Ilibaki karatasi. Mkewe alikuwa hatupi kitu, na ndani ya sanduku la bati zilikutwa pasipoti mbili za zamani, kurasa zimejaa mihuri ya Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, na rundo la hati za kupokelea mizigo. Kila hati ilikuwa na jina la kampuni juu, namba ya lori, jina la dereva, na saini ya aliyepokea huko Ndola au Kitwe. Nyingine zilikuwa na madoa ya grisi, lakini tarehe zilisomeka. Alikaa mezani na binti yake wakazipanga mwezi kwa mwezi, mhuri wa mpakani ukilala kando ya hati ya mzigo wa safari ileile.

Mgogoro wa aina hiyo hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa Fomu Namba 1. Aliiwahisha. Kwenye usuluhishi, ofisa wa kampuni alirudia habari ya kibarua. Msuluhishi akamwomba aeleze ni kibarua gani anayekabidhiwa lori lilelile mwaka baada ya mwaka. Ofisa akaomba muda wa kuwasiliana na wakubwa wake.

Waliporudi, kampuni ilikubali kulipa michango ya kuanzia Januari 2007, sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi. Safari za 2004 hadi 2006 hazikuingia, kwa kuwa hati za miaka hiyo zilikuwa chache na zenye mapengo, na hilo linamuuma mpaka leo. Hata hivyo hesabu ikafika miezi 195, na pensheni ikaanza kuingia benki. Wenzake wawili walioandikiwa barua kama yake wamekwishajaza fomu zao, naye ndiye anayewasaidia kupanga hati za mizigo.