Rozari Njiani Kuelekea Darasani



Mwanafunzi wa chuo kikuu akiacha kusali, mara nyingi hajaacha kuamini. Amekosa saa na mahali. Kwetu Unyambwa, hapa Manispaa ya Singida, mtoto hulelewa katika saa za watu wengine: mama akianza Rozari jioni wote wanakusanyika, jumuiya ina siku yake, na Ijumaa za Kwaresima kuna Njia ya Msalaba. Kijana akipanda basi kwenda Dodoma au Mwanza, saa zile zinabaki nyumbani. Ndiyo maana siyaamini sana malalamiko kwamba chuo kinaua imani.

Likizo hii nilialikwa kwenye jumuiya kuzungumza na vijana waliorudi. Nilikuwa nimeandaa maana ya sala na aina zake. Binti wa mwaka wa pili akaniwahi: "Frateri, chumbani tuko wanne, kila mtu na dhehebu lake, mmoja anafungulia muziki hadi saa sita usiku. Mimi nasalia wapi?"

Kabla sijajibu, bibi mmoja akasema yeye Rozari yake huisali akienda shambani, kwa vidole, kwa sababu mikono mingine ina jembe. Tukacheka, lakini jibu lilikuwa hilo. Anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma anajua jinsi majengo yalivyotawanyika mlimani. Matendo matano huchukua kama dakika ishirini, na wengi hutembea muda huo kila siku wakiangalia simu.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa madini huko Torino. Masomo hayakuwa mepesi kwake. Alipanda milima na marafiki, alihudumia maskini katika Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, alipenda Rozari na kuabudu Ekaristi. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, bila kumaliza shahada. Nina miaka 25, na jambo hilo hunifikirisha.

Ipo ibada nyingine inayostawi vyuoni bila kuhimizwa na padre yeyote: novena ya UE. Sina ugomvi nayo. Wasiwasi wangu ni siku ya kumi. Aliyepata sapu anaona Mungu hakumsikia, aliyefaulu hana tena la kuomba, na wote wawili wanapotea kanisani hadi muhula ujao. Sala ya kabla ya kusoma inayohusishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino haigusi alama kabisa. Inaomba wepesi wa kuelewa na uwezo wa kukumbuka. Sisi wa falsafa tunaihitaji kila tukifungua kitabu, si Juni tu.

Kijana mmoja alisema sala zake zote zipo kwenye simu. Bibi yule akamuuliza chaji ikiisha inakuwaje.

Kabla ya kutawanyika, watatu wanaosoma chuo kimoja, ambao hawakuwahi kuonana huko, walipeana namba. Walikubaliana kwenda pamoja misa ya jioni kila Alhamisi, kwa miguu, wakisali Matendo ya Mwanga njiani. Yule binti wa chumba cha watu wanne ndiye atakayeanzisha.