Fulu, dimu na mjomba: usiku mmoja kaskazini mwa Alice Springs

Ukitoka Alice Springs kwenda kaskazini, mji unakwisha ghafla. Taa ya mwisho ya barabarani ikishabaki nyuma, hutaona tena nyumba, wala kibanda cha chipsi, wala mama anayechoma mahindi. Inabaki Stuart Highway peke yake, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kilomita zipatazo 500 hadi Tennant Creek. Kama kilomita 30 kutoka mjini kuna alama inayoonyesha mahali unapovuka Tropiki ya Kaprikoni. Wasafiri husimama hapo kupiga picha. Mimi kila nikiipita hujisemea, haya, nimesogea nyumbani kidogo.

Ni muuguzi. Stashahada niliisomea Tanzania, shahada nikaipatia huku Australia, na sasa ni mwaka wa nne nafanya kazi katikati ya bara hili, kwenye udongo mwekundu kama wa Dodoma na majani makavu yanayochoma miguu. Mara kwa mara hupangiwa zamu za wiki mbili Tennant Creek, na huwa naendesha mwenyewe. Huku wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni giza.

Wenyeji walinionya tangu mwanzo: jua likizama, kangaruu wanatoka. Ng'ombe nao wapo, maana sehemu nyingi za barabara hazina uzio, na pia kuna ngamia, wajukuu wa wale walioletwa karne ya 19 kubeba mizigo jangwani na baadaye wakaachwa wakawa wa porini. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, gari linakata mita 30 kila sekunde. Ukiwa kwenye dimu, unachokiona mbele yako ni cha sekunde mbili hivi. Ndiyo maana karibu kila gari la huku lina taa mbili kubwa za ziada mbele. Nami nikanunua zangu, halojeni za wati 100 kila moja, nizifunge kwenye Hilux yangu ya zamani.

Kwa fundi sikwenda. Bei ya fundi huku ni ya kumfanya mtu ajifunze ufundi. Nilimpigia mjomba wangu, Morogoro.

Mjomba ni fundi umeme wa magari pale Msamvu, lakini zamani alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Nikiwa darasa la nne aliletwa nyumbani na magongo. Usiku, ndani ya Mbuga ya Mikumi, lilikuja lori lenye taa nne, na dereva wake hakupunguza. Mjomba alisema aliona weupe tu, kama mtu aliyefunikwa shuka usoni. Akatoka nje ya barabara. Mguu wa kulia haukurudi kuwa kama zamani, na usukani wa lori hakuushika tena.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe hizo taa."

Alinifundisha kwa simu ya video, mimi nikiwa nimepiga magoti mbele ya gari, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki gereji kwake. Wati 200 kwa volti 12, alisema, ni karibu ampea 17. Ukiupitisha umeme huo wote kwenye swichi ndogo ya dashibodi, swichi itayeyuka, na ukiuchukua kwenye waya wa taa za gari, utaunguza waya. Kwa hiyo kazi nzito inafanywa na rilei. Mguu wa 30 unatoka kwenye betri, na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Miguu miwili iliyobaki, 85 na 86, ni ya koili, nayo inahitaji umeme kidogo tu kuamsha rilei. Huo ndio unaupata kwenye waya wa fulu, unaupitisha kwenye swichi ya dashibodi, ili ukipiga fulu taa za ziada ziwake, na ukirudi dimu zizime zenyewe. Sheria ya Australia nayo inataka hivyo hivyo: taa hizo ziwake na fulu tu.

"Koili upande mmoja ipeleke kwenye fulu, upande wa pili kwenye bodi," mjomba akasema. "Lakini kwanza pima huo waya wa fulu, ujue gari lako linakata moto au linakata ethi. Umepima?"

Mita ya umeme ilikuwa kwenye boksi lake, sijalifungua hata karatasi ya nje. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na macho yalikuwa mazito.

"Nimepima mjomba. Iko sawa."

Nilifunga nyaya, nikawasha taa za gari, taa za ziada zikawaka. Nikashangilia, nikazima, nikaenda kulala. Kubadilisha fulu na dimu sikujaribu.

Siku ya safari nilichelewa kuondoka, nikaingia barabarani jua likizama. Giza liliposhika, nikiwa nimeshapita Aileron, nikapiga fulu na kubonyeza swichi ya dashibodi. Taa za ziada hazikuwaka. Nikafikiri fyuzi imekatika, nikaiacha swichi ilivyo, nikaendelea.

Baada ya muda nikaona mwanga mbele, mbali sana. Huku barabara imenyooka kiasi kwamba unaweza kuona taa za gari dakika kadhaa kabla hujapishana nalo. Lilikuwa moja ya yale malori yanayoitwa treni za barabarani, yenye matela matatu au manne, ambayo yanaruhusiwa kufika urefu wa mita 53 na nusu. Kanuni inataka upunguze taa kabla hamjabakiza mita 200. Nikamwonyesha adabu mapema. Nikarudi dimu.

Papo hapo zile taa mbili zikawaka zote, kwa nguvu yote, usoni mwake.

Nikashtuka, nikapiga fulu. Zikazima, lakini sasa ni fulu ya gari inayommulika. Nikarudi dimu, zikawaka tena. Alinipigia taa, kisha honi ndefu. Nikatafuta swichi ya dashibodi kwa vidole vinavyotetemeka, nikaipata, na hapo alikuwa ameshafika. Lori lilipita kwa mshindo, upepo wake ukalisukuma gari langu, matela moja, mawili, matatu. Tela la mwisho lilikanyaga changarawe za pembeni, vumbi likapanda, kisha likarudi kwenye lami.

Nilisimama pembeni, nikazima injini. Ukimya wa jangwani ni mzito. Nilimkumbuka mjomba na magongo yake, mlangoni kwetu. Miaka yote nilikuwa nikimlaani yule dereva wa Mikumi nisiyemjua, nikiamini alikuwa mlevi au mtu mwenye roho mbaya. Usiku ule nikajua kwamba huenda alikuwa mtu kama mimi tu, aliyechoka akasema "nimepima".

Nilikwenda polepole kwa taa za kawaida hadi Ti Tree, kilomita kama 190 kutoka Alice Springs, penye kituo cha mafuta na mtandao wa simu. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, kwa mjomba saa nane mchana. Nikamwambia yote, na lile la mita pia.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Wewe mgonjwa akija, unampa dawa kabla ya kumpima?"

"Hapana mjomba."

"Basi toa hiyo mita kwenye boksi."

Nikapima chini ya taa ya kituo. Gari likiwa kwenye dimu, waya wa fulu ulisoma volti 12. Nikipiga fulu, ulisoma sifuri. Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza. Gari langu, kama baadhi ya Toyota nyingine, linakata ethi: moto unakuwepo kwenye taa muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya usukani inafunga upande wa ethi. Kwa hiyo kwenye dimu, moto ulikuwa ukipita kwenye balbu ya fulu na kuamsha rilei yangu, na nikipiga fulu, rilei inakosa moto. Mambo yote yalikuwa kinyume.

Dawa ilikuwa fupi. Tuliitoa koili kwenye bodi, tukaipeleka kwenye waya wa moto wa taa ile ile, upande wa pili ukabaki kwenye fulu. Nikajaribu: fulu, zikawaka. Dimu, zikazima. Mjomba akasema rudia. Nikarudia mara kumi, naye akihesabu kwa sauti.

Kesho yake alfajiri niliondoka. Kabla ya Tennant Creek utayaona mawe ya Karlu Karlu, mviringo makubwa yaliyopandana kama mtu kayapanga, mahali patakatifu kwa wenyeji wa asili wa eneo hilo. Nilifika jua limeshayapaka rangi ya chungwa. Njiani nilikuwa nimepishana na malori manne, na kila mara nilipogusa dimu mbele yangu kuligeuka giza kidogo, nikapunguza mwendo, tukapita salama.

Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu tunatuma taa nyumbani. Kaka ana Noah, shemeji ana Fuso, tunaziweka kwenye boksi pamoja na viatu vya watoto. Ukituma taa, tuma na rilei, fyuzi na waya mnene. Mwambie fundi aziunge na fulu, zisiwe na swichi yake peke yake ambayo dereva ataisahau. Na zikishafungwa, mwombe mtu asimame mbele ya gari usiku, dereva apige fulu na dimu, yule wa mbele aseme anachokiona. Dereva akiwa ndani haoni kinachomfika mwenzake.

Mjomba sasa kila nikisafiri hunipigia kabla sijaondoka. Baada ya kuitikia shikamoo yangu huuliza neno moja tu: "Umepima?"

Nami huenda kwanza mbele ya gari, ndipo nimjibu.