Mizani Nane Zilizokosekana

Ukitoka Mbeya mjini kuelekea Tunduma, barabara hushuka mteremko wa Iwambi kabla haijaingia Mbalizi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na wakazi wa pale hawahitaji kuelezwa maana ya lori lililokatika breki. Nilifundisha Kiswahili katika sekondari moja ya mji huo kabla sijawa mhadhiri, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo hadi leo sijalimaliza moyoni.

Niliwapa wanafunzi kazi ya kutunga tarbia ya beti sita: mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane ukwapi na nane utao. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika juu ya mtoto anayemngoja baba yake, dereva wa lori. Kibwagizo chake kilikuwa hiki: “Baba atarudi kesho, tutakula kwa pamoja.” Hesabu mwenyewe, msomaji: nane, nane. Beti tano zilikwenda hivyo bila dosari. Katika ubeti wa sita kibwagizo kiliishia njiani: “Baba atarudi kesho.” Basi.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: mizani 8 pungufu, kina cha mwisho hakipo. Nikakata alama. Nilijua fika kwamba jadi yetu inao msuko, ambamo kibwagizo huwa kifupi kuliko mishororo iliyokitangulia. Lakini msuko hufupisha kibwagizo katika kila ubeti, nami nikajiridhisha kuwa huyu kachoka tu akiwa ukingoni. Alipokea daftari lake, akasema, “Sawa, mwalimu.” Ni mwalimu mwenzangu aliyenieleza baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba baba wa msichana yule alifia mteremkoni mwaka uliotangulia.

Niliomba daftari nikalisoma upya, safari hii kwa sikio badala ya kidole. Katika ubeti wa kwanza kibwagizo kile ni habari tu. Katika wa pili ni faraja. Kufikia wa nne, ambapo mama anauza sahani za wageni, maneno ni yaleyale lakini hayaaminiki tena. Hivyo ndivyo takriri ifanyavyo kazi: yenyewe haibadiliki hata silabi, kinachobadilika ni kile kilichowekwa juu yake. Na kwa kuwa sikio limekwisha kuzoeshwa mara tano kuingojea ile “-ja” ya mwisho, kimya cha ubeti wa sita kina kipimo chake kamili. Ni mizani nane za mtu asiyekuwapo mezani.

Tangu Amri Abedi achapishe *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, tumebishana kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Mimi nilikuwa upande wa wanajadi, na kwa kiasi fulani bado niko huko. Lau binti yule angetunga huru tangu mwanzo, pengo lile nani angelisikia? Kosa langu ni kwamba niliilinda sheria bila kusikiliza alichoifanyia.

Wala si darasani tu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mnyampala aliwapa watoto wetu ngonjera, nami si miongoni mwa wanaozidharau. Lakini nimewahi kuwasimamisha wanafunzi juani wakimngoja mgeni rasmi, wakiitikia kibwagizo cha maendeleo, na nikawapongeza kwa mizani kutimia. Sikuuliza kama beti zilizotangulia zilikuwa na nguvu ya kubeba ahadi ile. Mteremko ule nao una kibwagizo chake: ajali, salamu za rambirambi, agizo la ukaguzi wa magari, kisha ajali. Miaka yote hakijapungua mizani hata moja.

Alama za muhula zilikuwa zimekwisha kupelekwa, na mwaka uliofuata familia ilihama. Ubeti wa sita nimeukariri. Huusoma kwa sauti katika mihadhara yangu, nikifika mwisho nanyamaza, na kila mwaka kuna mwanafunzi wa nyuma anayejikuta ameumalizia: “tutakula kwa pamoja.”