Kutoka Lutuku Mpaka Mvinyo wa Masuku

Mimi ni mama wa watoto sita, mkaaji wa Kasenga huku Kongo, ukingoni mwa mto Luapula. Huku kwetu ukivuka kwa mtumbwi umeshaingia Zambia. Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya akina mama wanaopika pombe usiku huku wametega sikio kwa vishindo vya nje. Nilikuwa mmoja wao, na Mungu alinitoa huko kwa njia ambayo sikuitazamia hata kidogo: kwa makaratasi.

Kasenga tunaishi kwa samaki. Biashara hiyo ndiyo iliyowaleta wachuuzi wa Kigiriki hapa wakati wa Wabelgiji, wakanunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodi. Lakini samaki wana majira yao. Wenzetu wa Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae, na miezi hiyo soko lote la ukingoni hupoa. Baba watoto alikuwa mvuvi. Alipoumia mgongo akashindwa kupiga kasia, kwangu mto ukawa umefungwa mwaka mzima. Watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za shule. Nikaanza kupika lutuku, pombe yetu kali.

Anayeijua lutuku anajua taabu yake. Unaotesha mahindi, unayaanika, unayatwanga, unayachanganya na unga wa muhogo na maji, kisha unaliacha pipa lichachuke mpaka povu litulie. Hapo ndipo unawasha moto. Mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, unatoka tone kwa tone kwenye chupa. Matone ya kwanza humwagwa, maana husemwa hayo ndiyo yenye madhara makubwa. Mwenye njaa hayamwagi, huyauza. Tuliamini ndiyo sababu mtu anaweza kunywa kwa jirani akaamka haoni vizuri.

Lutuku haikuanza jana kukatazwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali kuingizwa na kutengenezwa katika sehemu za bara letu ambako ilikuwa haijaenea, na Wabelgiji waliendelea na katazo hilo hapa Kongo. Sheria zikapita, lutuku ikabaki, na mpishi wake akapata mabwana wengi. Mara wanakuja hawa, mara wanakuja wale, kila mwenye kofia na bei yake. Sikupewa kitansi, yaani risiti, hata siku moja. Ukikosa cha kutoa, pipa linatobolewa kwa shoka na bomba linaondoka nao. Utamshtaki nani? Anayefanya biashara iliyokatazwa hana mdomo.

Mzee mmoja wa kanisa, karani aliyestaafu, ndiye aliyenikalisha chini. Akaniambia, “Bamayo, hizo pesa unazowapa watu njiani, ukizipeleka dirishani zitakupa haki.” Nikamjibu, “Ee mukwai, batata, lakini dirisha lipi?” Akanieleza mlango mmoja mmoja. Biashara ndogo inataka patenti, yaani kibali chake. Sheria ya 1990 imewaachia Wakongomani peke yao biashara hiyo ndogo. Anayetengeneza kileo cha kuuza anatakiwa kujulikana na DGDA, ile idara ya forodha, maana ndiyo inayotoza ushuru wa vileo, na tangu 2018 kuna sheria yake maalumu. Ubora wa kinywaji unapimwa na OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Nikahesabu milango, nikaona mtu mmoja maskini hawezi kuipita yote.

Ndipo akatufungulia njia ya ushirika. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria ya OHADA inakubali ushirika mdogo wa watu watano tu. Sisi tayari tulikuwa na likelemba yetu sokoni, mchango wa kupokezana kwa zamu, akina mama wa kuuza samaki na unga. Tukakubaliana: kila zamu ya kupokea, sehemu inabaki kwa ajili ya makaratasi. Wengine walijitoa, wakasema tunalipa hewa. Waliobaki tulitosha.

Lutuku tuliiacha. Tukageukia masuku, matunda ya msituni yanayoiva mvua zinapoanza, wakati uleule samaki wanapoadimika. Watoto wanaokota, sisi tunanunua kwa ndoo. Tunamenya, tunakamua ute, tunaongeza maji yaliyochemshwa, sukari na hamira, tunatia kwenye bidoni iliyooshwa kwa maji ya moto. Mdomo wa bidoni tunauziba, tunapitisha kampira kembamba ambako ncha yake imezama katika chupa ya maji. Hewa inatoka ikibubujika, inzi haingii. Kububujika kukiisha, tunahamisha mvinyo taratibu, mashapo yanabaki chini.

Sampuli yetu ya kwanza ilirudishwa na OCC: chupa moja ilikuwa na nguvu kuliko nyingine, na hakuna mtu anayeweza kuandika kiwango cha kileo kwenye karatasi ya chupa kama kila bidoni ina kiwango chake. Tulilia. Halafu tukanunua kipimo cha kioo kinachoelea, tukaanza kuandika daftari: sukari kiasi gani, siku ngapi, bidoni ipi. Lile daftari ndilo lililotufanya kuwa watengenezaji.

Baadhi ya waumini waliniuliza, mama wa kanisa anauzaje kileo? Niliwajibu kwamba zamani niliuza kitu ambacho mimi mwenyewe nisingempa mume wangu. Leo mnywaji anasoma kwenye chupa anachokunywa.

Sisemi mambo yamekuwa mepesi. Ushuru unauma, njia ya Lubumbashi wakati wa mvua inakula faida, na kuna miezi hatugawani kitu. Nasikia hata Kenya, walikoihalalisha chang'aa kwa sheria ya 2010, walidai iuzwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, na mpishi wa kijijini akabaki nje ya mlango. Sheria inayofungua juu tu, chini watu wanaendelea kupika usiku.

Lakini hofu imeniacha. Mwaka jana walikuja wawili wakidai “ya ukaguzi”. Nikatoa faili, nikaweka kitansi kimoja kimoja mezani, nikawaomba barua yao ya kazi ili niandike majina yao daftarini. Wakasema watarudi na mkubwa wao. Hawajarudi.

Mama unayepika leo usiku, tafuta wenzako wanne unaowaamini. Msilipe pesa isiyo na kitansi, hata iwe franka mia tano, na hicho kitansi mkitunze pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Na viongozi wetu nawaomba kitu kimoja: tuleteeni madirisha hayo hapa Kasenga, tulipe bila kulala njiani.