Msamiati wa Kuchagua



Sisi ni vijana wanne wa Kidichi, kaskazini ya mji wa Unguja. Mwezi wa Mei tumemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na sasa tunasubiri matokeo. Wengi wenu mnaijua Kidichi kwa mashamba ya viungo, na kwa hamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe Schehrazad katika karne ya 19. Wageni huja, wakanusa mdalasini, wakala shokishoki, wakapiga picha, wakaenda zao. Sisi ndio wenyeji, na mwaka huu kila anayekutana nasi njiani ana swali moja tu: mtafanya nini sasa?

Tumejaribu kulijibu kwa vitabu tulivyosoma skuli, maana kwa miaka miwili hatukuwa na kazi nyingine.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwislamu mcha Mungu ambaye hata siku moja hakuwahi kutuuliza kwa nini Jumapili hatupatikani, alikuwa na jambo moja asilolisamehe. Ukiandika kwamba mhusika fulani "alichagua", anakuuliza: alichagua baina ya nini na nini? Ukikosa jibu, anakata neno kwa kalamu nyekundu. Siku moja alijaza ubao: kuchagua, kuteua, kukubali, kuridhia, kukata shauri, kulazimika, kusalimu amri. Akasema maneno haya hukaa jirani, lakini si ndugu wa tumbo moja, na anayeyachanganya kwenye mtihani atayachanganya na nyumbani kwake. Tulicheka. Mtihani ulikuwa bado mbali, na nyumbani hakuna aliyekuwa akitutaka tuchague kitu.

Tulianza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Kila mwanafunzi wa Tanzania aliyepita mkondo wetu anaweza kukuandikia usingizini kwamba Yasmin ni mwanamke jasiri aliyefanya uamuzi wake mwenyewe. Mwalimu hakuukubali upesi hivyo. Yasmin aliozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa makamo makubwa; hapo hakuna hata neno moja la ubaoni linalomfaa isipokuwa kulazimika. Alipomkimbia mume, akafungiwa mlango na jamaa zake, akapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo, je, alichagua Ng'ambo, au Ng'ambo ndiyo iliyobaki? Tulibishana kipindi kizima. Msichana pekee katika sisi wanne alisema kamba ya vuta n'kuvute haina hiari, na mwalimu akamwambia aiandike hiyo kwenye daftari asije akaisahau.

Kitabu kilichotushika zaidi hakikuwa cha mtihani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, tulikuwa bado madarasa ya chini na tulisikia jina lake redioni tu. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Nakala moja ilizunguka baina yetu mpaka jalada likalegea. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Kuna tajiri, Aziz, anayefika kwao mara kwa mara, na Yusuf amezoeshwa kumwita kama mtu anavyomwita ndugu wa babake. Siku moja anaondoka naye safarini. Hajui kwamba baba anadaiwa na yeye ndiye malipo. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana mwenzake dukani, anayemkataza kulitumia lile neno la ukoo: yule si mtu wako, mwite Seyyid.

Hapo tulisimama. Neno moja la nyumbani, la upole kabisa, lilikuwa limefunika deni. Alipoondolewa neno lile ndipo Yusuf alipoona mahali alipo. Na mwisho wa kitabu, anapokimbia kuwafuata askari wa Kijerumani, mpaka leo sisi wanne hatujaafikiana kama amechagua au la. Wawili wanasema amechagua, kwa sababu hakuna aliyemsukuma. Wawili wanasema mtu anayekimbia kutoka kwenye kifungo akaingia kingine bado hajapewa nafasi ya kuchagua.

Ukipanda daladala kutoka kwetu kwenda mjini unapita Bububu na Mtoni. Hapo Mtoni alizaliwa Salme binti Said mwaka 1844, mtoto wa Sultani. Alijifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za msahafu, wakati ambapo wasichana walifundishwa kusoma tu. Tunampenda kwa hilo. Lakini elimu ile ile ndiyo iliyomtia matatani: ndugu zake walipogombania ufalme mwaka 1859, upande wa Barghash ulihitaji mtu wa kuandika barua, na mwenye kalamu alikuwa yeye. Baadaye aliondoka Unguja, akabatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na Heinrich Ruete huko huko Aden siku aliyobatizwa, na Hamburg ikafuata. Tungeweza kuishangilia habari hii kwa kuwa tunaandika katika gazeti la seminari. Kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, hazitupi ruhusa hiyo. Hakuusimulia uamuzi wake kama ushindi. Ni mtu aliyechagua kitu kimoja akaendelea kukililia kingine maisha yake yote, na hatuoni kwamba kulia huko kunafanya uamuzi wake kuwa wa uongo.

Sasa tuseme kilichotufanya tuandike.

Mmoja wetu anataka kwenda nyumba ya malezi, na Mungu akijalia, seminari kuu huko bara. Amelisema tangu kidato cha tatu. Wengine watatu mambo yetu ni mepesi kidogo: mmoja anataka ualimu wakati ami yake anayelipa ada anataka uhasibu, mmoja atabaki na babake shambani akitembeza wageni, na mmoja anasema ataamua akiona matokeo, ambayo kwa maoni yetu ni njia ya kistaarabu ya kuyaachia matokeo yaamue. Lakini huyu wa seminari ana mama.

Barabara ile ile ya daladala inapita Beit el Ras. Hapo, Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi akauawa alipokuwa akifika kuadhimisha Misa. Sisi tulikuwa wadogo sana. Tunachokumbuka ni watu wazima kuzungumza kwa sauti ya chini. Tunakumbuka pia jirani zetu Waislamu waliokuja nyumbani kutoa pole, wakakaa sana, bila ya kujua waseme nini. Mama wa mwenzetu hajasahau hata kimoja.

Kiswahili kina neno moja, shahidi, kwa mtu aliyeona jambo akalisema, na kwa mtu aliyekufa kwa ajili ya imani. Kanisani tunalo na neno mfiadini kwa huyu wa pili, lakini mitaani ni shahidi tu. Mwenzetu alipomwambia mamake kwamba padre ni shahidi wa Kristo, alikusudia maana ya kwanza. Mama alisikia ya pili. "Sitaki mtoto wa kutajwa kwenye mahubiri," alisema, akaingia jikoni. Na siku nyingine alipomwambia ana wito, alimjibu hivi: "Nani kakwita? Jina lako nimekupa mimi."

Tulikwenda kwa mwalimu wetu kuomba ushauri, tusijue tutamwelezaje. Hakuzungumzia upadre hata kidogo. Alituuliza msamiati, kama kawaida yake. Hiari imetoka wapi? Kiarabu. Na wito? Hilo ni la kwetu, kutokana na kuita. Basi, akasema, hiari mtu anaweza kuwa nayo peke yake chumbani, lakini wito hauwi mpaka awepo mwengine anayeita. Nyinyi mnataka kuyatia yote mawili katika sentensi moja. Itungeni nione.

Tulijaribu barazani kwa muda mrefu. Kwenye meza tulikuwa na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, na tukawa tunazungumza juu ya Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, yule aliyekusanya maneno ya pwani hii hata kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikachapwa Paris mwaka 1939, kurasa zaidi ya elfu moja. Hakuyatunga maneno yale. Alikwenda kuyauliza, sehemu kwa sehemu, akaandika watu wa wapi husema nini. Ukitazama maneno tunayosalia, imani, sala, rehema, dhambi, malaika, ni yale yale wanayoyatumia majirani zetu. Mapadre waliofika Unguja mwaka 1860 waliyakuta hapa. Hata kumwambia Mungu ndiyo, ilibidi kwanza waombe neno kwa wenyeji.

Ndipo mmoja wetu akamkumbuka Samweli (1Sam 3). Tumelisikia somo hilo mara nyingi katika semina za miito, na daima huhubiriwa utii wake. Lakini Samweli aliitwa mara tatu, na mara zote tatu alikimbia kwa Eli, kwa sababu sauti pekee aliyokuwa na jina lake ilikuwa ya mzee yule. Ilibidi Eli, ambaye wanawe walikuwa wamepotoka na macho yake yamefifia, amfundishe cha kujibu. Maneno ya kumjibu Mungu yalitoka kwa mtu aliyekuwa na sababu zote za kuyaficha: aliloambiwa Samweli usiku ule lilikuwa juu ya kuanguka kwa nyumba ya Eli mwenyewe.

Barua ya maombi kwa mkurugenzi wa miito ilikuwa na sentensi ya kwanza isemayo "Nimechagua kuwa padre." Tuliikata, hajui kama atakuwa. Tukaandika "Nimeitwa", tukaikata nayo, kwa sababu hilo ni la Kanisa kulisema, na mama angeuliza tena ni nani. "Nimeamua" ilikaa nusu saa. Mwisho alichukua kalamu mwenyewe akaandika: "Naomba nipokewe nisikilize kwa karibu kile ninachodhani nimekisikia." Ni sentensi ndefu, na mwalimu angeipunguza. Tuliiacha.

Barua aliisoma kwa mama yake, jioni, sisi tukiwa tumekaa nje. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kunena. Kisha akauliza kwa nini haikutajwa kwamba baba amefariki na kwamba wako wadogo wawili wanaosoma. Mwenzetu alisema hakudhani kama inahusu.

"Inahusu," mama akasema. "Andika na hilo. Wajue wanamchukua nani."

Ameandika. Atampelekea paroko Jumapili baada ya Misa ya kwanza, na mama amesema watakwenda pamoja. Hakusema amekubali, wala hakusema ameridhia. Tunawaomba sala zenu, kwake yeye na kwa mama yake.