Ukienda Kuipiga Picha Mianga ya Kaskazini

Msomaji, ukibahatika kufika Tromsø, kaskazini mwa Norwe, usiharakishe kuinua kamera. Funga koti kwanza. Mji huu uko zaidi ya kilomita 300 ndani ya Aktiki, na kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Wageni humiminika huko kati ya Septemba na Machi kuitazama mianga ya kaskazini.

Chanzo chake ni jua. Hutupa chembechembe zenye umeme, nao usumaku wa dunia huzivuta kuelekea ncha zake. Zikigonga oksijeni iliyo kilomita 100 hivi juu yetu, anga hung'aa kijani.

Toka mjini, maana taa za barabarani huharibu picha. Mimi nilivuka daraja hadi kisiwa cha Kvaløya, nikaenda Ersfjordbotn, kijiji kilichozingirwa na milima kando ya maji. Nilikuwa nimewaahidi wanangu picha. Nikangoja kwa muda wa saa tatu, vidole vimekufa ganzi. Mianga ilipozuka nilipiga kwa pupa, picha zaidi ya arobaini. Kulipokucha nikakuta ukungu mtupu! Niliiachia kamera ijilengee yenyewe, na gizani haioni cha kulenga.

Wewe zima ulengaji huo. Elekeza lenzi kwenye nyota angavu, uikuze kwenye kioo cha nyuma, kisha zungusha polepole kwa mkono hadi nyota iwe nukta. Kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu. Fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 ikiwezekana, weka ISO 1600, na uache lenzi wazi kwa sekunde 10. Mianga ikienda mbio, punguza hadi sekunde 3 au 4, la sivyo mikunjo yake itachanganyika. Flashi haina kazi hapo. Itawaudhi wenzako tu.

Betri za akiba zitie mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa baridi huzimaliza upesi. Ukirudi, ifunge kamera mkobani kabla hujaingia ndani, uiache humo hadi ipate joto, isije ikashika umande.

Usiku wa pili nilipata picha sita safi, kisha betri ya mwisho ikazimika. Nikabaki nikitazama kwa macho, ambayo huona rangi hafifu kuliko kamera. Watoto wangu wanabisha hadi leo kwamba kijani kile nilikipaka.