Elfu Tatu na Mia Mbili

Ukinunua RAM iliyoandikwa 3200 ukaichomeka kwenye kompyuta, mara nyingi itafanya kazi kwa 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia. Umelipia 3200, na boksi linasema 3200. Lakini mashine ikiwaka inashika ile kasi ya usalama ambayo watengenezaji walikubaliana, na inakaa hapo hapo mpaka siku utakapoingia kwenye bayosi, utafute mstari ulioandikwa XMP na uuwashe mwenyewe. Kuna watu wamekaa hivyo miaka mitano.

Kakangu mdogo hakutaka kuwa mmoja wao. Anaishi Ruiru, upande wa Kimbo, na anatengeneza video: ruracio, mahafali, na zaidi sana matanga. Mashine yake aliiunga mwenyewe kwa vipande vya mtumba, kimoja kimoja kila akilipwa. Juzi akaongeza RAM ya pili ya GB 8, ya kampuni tofauti na ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyotoshana na mfuko. Jumatano asubuhi akawasha XMP. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Ikajizima, ikajiwasha, nyeusi tena.

Mama alivyosikia alisema kwa simu, "Kitu ikifanya kazi, unaiguza ya nini?" Hapo mimi na mama hatukubaliani. Kijana alikuwa anadai alichonunua.

XMP si uchawi. Ni orodha fupi ya kasi na volti iliyoandikwa ndani ya kipande cha RAM na waliokitengeneza. Intel ndio walioleta mpango huo, 2007. Kwa RAM za aina ya DDR4, volti za kawaida ni 1.2, na XMP kwa kawaida huzipandisha hadi 1.35. Sasa ukiwa na vipande viwili visivyo ndugu, orodha ya kimoja inaweza kulazimishwa kwa vyote viwili. Kile dhaifu kikishindwa, mashine nzima inakwama, tena inakwama kabla haijaweza kuandika hata neno moja kwenye skrini, kwa hivyo haiwezi kukuambia inaumwa wapi. Na kwa vile imehifadhi hayo mapya uliyoipa, kila ukiiwasha inarudia kosa lile lile. Kuna madabodi ambazo zikishindwa mara kadhaa zinarudi zenyewe kwa mipangilio ya kiwandani. Ya kakangu ni mzee, hairudi.

Akaipeleka kwa fundi kwa boda. Fundi akafungua, akatoa ile betri ndogo ya duara, akairudisha, akawasha. Nyeusi. Hukumu ikatoka: madabodi imeungua. Nyingine ni elfu tisa na mia tano, ama amwachie hiyo kwa elfu moja mia tano atoe vipuri. Mazishi yalikuwa Ijumaa, Gatundu. Mteja alikuwa ametuma picha zote na nusu ya pesa, na hiyo nusu ilikuwa imeshalipa nyumba.

Aliponipigia nilikuwa Thika. Nimefanya kazi kwenye cyber miaka miwili, nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Akitoa betri, waya wa stima ulikuwa umechomolewa?"

Kimya kidogo. "Siz, sidhani. Kuna kataa kalikuwa kanawaka kwa madabodi."

Basi betri ilitolewa bure. Kazi ya hiyo CR2032, ya volti 3, ni kulinda saa na mipangilio wakati hakuna stima. Stima ikiwa bado inaingia, hata ukikaa na betri mfukoni hadi kesho, mashine haisahau chochote. Na kwenye baadhi ya madabodi, kutoa betri hakutoshi hata ukichomoa waya; lazima uunganishe zile pini mbili zilizoandikwa CLR. Sisemi fundi alikuwa mwizi. Alikuwa na foleni, na madabodi za kuuza.

Nikapanda mat ya jioni. Jam ilianzia Juja.

Tulichomoa waya, tukabonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Tukatoa ile RAM mpya, tukaacha moja. Nikagusanisha zile pini kwa ncha ya bisibisi. Kakangu hakuwa anaangalia bisibisi, alikuwa anaangalia diski. "Picha hazitafutika?" Nikamwambia diski haihusiki kabisa, hata madabodi ingekuwa imekufa kweli picha zingekuwa pale. Nadhani hakuniamini.

Tukawasha. Nyeusi. Akanyoosha mkono azime, nikamshika. Baada ya kusahau, mashine inaanza kuipima RAM upya, na inachukua muda wake. Wengi huzima hapo. Karibu dakika ikaisha, halafu nembo ikatokea.

Saa ya kompyuta ilisema ni Januari 1, 2018. Ndiyo maana kila tovuti aliyojaribu ilikataa kufunguka: kwa mashine, vyeti vya usalama vya hizo tovuti vilikuwa bado havijaanza kutumika. Alidhani ameharibu kitu kingine. Nikarekebisha tarehe, zikafunguka.

RAM ya pili tuliirudisha bila XMP, na tukakuta shida: yenyewe ni ya 2666. Muuzaji hakumwambia, na yeye alikuwa ameangalia GB tu. Akaingia bayosi tena, sasa kwa mkono wake, akaandika 2666 kwa zote mbili.

"Na tukijaribu 2933?"

"Jumamosi," nikasema.

Mashine ikawaka. Akafungua folda ya mteja. Picha ya kwanza ilikuwa ya nyanya mmoja kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha uji mkononi, na kakangu akaanza kuipunguza mwanga.